Mbwamwitu wa Buffalo: filamu iliyoishika hadithi yetu mkononi, ikaiangusha

Battledogs ni filamu ya kutisha iliyopigwa Buffalo, New York, na kuonyeshwa mara ya kwanza Aprili 2013 kwenye chaneli ya televisheni ya Syfy. Inahusu watu wanaogeuka mbwamwitu. Nianze na hukumu ili asiye na muda asihangaike: filamu hii inachosha. Ukiitazama peke yako usiku utasinzia, na ukiitazama na vijana mtacheka pale ambapo mwongozaji alitaka mlie.

Hata hivyo nimeamua kuiandikia makala, kwa sababu ilizua mjadala mrefu katika ukoo wetu kuliko filamu yoyote nzuri tuliyowahi kuitazama pamoja. Ukoo wenyewe umetawanyika. Mimi niko Columbus, Ohio, kwa kazi ya uuguzi. Shangazi yangu yuko Buffalo na watoto wake. Kaka yangu yuko Louisville, Kentucky, na familia yake. Tukikutana kwa sikukuu, vijana ndio wanaoshika rimoti, na safari hii walichagua Battledogs kwa sababu moja tu: waliambiwa imepigwa mjini kwao.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Mbwamwitu wa filamu hizi si yule wetu wa mbugani mwenye madoa na masikio makubwa. Ni yule wa nchi za baridi. Wazungu wamesimulia kwa karne nyingi juu ya mtu wa kawaida ambaye hubadilika kuwa mbwamwitu, na kulipopambazuka hurudi kuwa mtu asiyejua alichofanya. Hapa nitamwita mtu-mbwamwitu.

Hadithi yenyewe

Mwanamke mmoja anashuka katika uwanja wa ndege wa JFK, New York, akiwa tayari ana virusi mwilini. Anabadilika palepale kati ya abiria, anang'ata watu, na waliong'atwa nao wanabadilika. Jeshi linafika, wagonjwa wanafungiwa katika kituo cha karantini, kisha pande mbili zinaanza kuvutana. Meja mmoja anataka tiba ipatikane. Jenerali anaona virusi hivyo ni mali: akivimiliki atapata askari wakali kuliko binadamu. Mwisho sitausema, ingawa utaubashiri kabla chai haijapoa.

Waigizaji si wa kubeza. Jenerali ni Dennis Haysbert, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kama Rais Palmer wa tamthilia ya 24. Yumo Ernie Hudson wa Ghostbusters, na Bill Duke ndiye rais wa nchi. Mwanamke anayeleta virusi ni Ariana Richards, yule binti aliyekimbizwa na dinosaria katika Jurassic Park ya mwaka 1993. Mwongozaji ni Alexander Yellen na kampuni iliyoitengeneza ni The Asylum, inayojulikana kwa filamu za haraka na za gharama ndogo. Mwaka huohuo wa 2013 ndiyo iliyotoa Sharknado, ile ya kimbunga kilichobeba papa.

Wapi inaangusha

Vijana wa shangazi walikuwa na orodha yao. Mbwamwitu wametengenezwa kwa kompyuta na wanaonekana kama wamebandikwa juu ya picha. Hawana uzito wala kivuli cha kuaminika. Buffalo imepewa kazi ya kuigiza New York, hivyo mtu wa Buffalo anakaa anatafuta mitaa yake badala ya kuogopa. Maneno ya wahusika ni yale tuliyoyasikia mara mia: "Hatuna muda", "Hujui unachokichezea".

Orodha yangu mimi ni ya kinesi. Nilisomea diploma ya uuguzi nyumbani kabla ya kuja kusoma shahada huku, na pande zote mbili nilifundishwa jambo moja kuhusu karantini: aliyemo ndani ni mgonjwa kwanza. Ana jina, ana kadi ya dawa, ana mtu anayemsubiri nje. Anahitaji maji, choo, na mtu wa kumwambia ukweli kwa lugha anayoielewa. Katika Battledogs karantini ni bunduki na milango ya chuma. Kundi kubwa la abiria wale hatuwajui kwa majina, hatujui walikuwa wanakwenda kwa nani. Wakishang'atwa wanakuwa ama hatari ama silaha. Filamu haiulizi hata mara moja ingekuwaje kuamka asubuhi ukiwa mmoja wao.

Ndipo nilipoona kwamba kasoro kubwa haikuwa uhaba wa fedha. Filamu ilikuwa imeshika jambo zito, ikaliangusha bila kulitazama.

Anayeshuka uwanjani

Jambo hilo shangazi aliliona kabla yangu. Mwanamke wa kwenye filamu alipoanza kutetemeka mbele ya abiria, shangazi alisema polepole, "Huyo ni sisi, mwanangu."

Mume wake ni Mkongo, na familia ilikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kabla ya kupewa Buffalo. Waliopita njia hiyo wanaijua: picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, damu, chanjo, karatasi za hospitali, na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM ambao unaushika kifuani viwanja vyote hadi mwisho wa safari. Mfuko huo unakusaidia, kwa sababu wahudumu wa uwanjani wanakutambua wakakuelekeza. Pia unamwambia kila mtu wewe ni nani. Shangazi anasema ndani ya ndege mama mmoja aliutazama mfuko, akamtazama yeye, akamvuta mtoto wake karibu. Hakutamka neno. Shangazi anakumbuka rangi ya koti lake hadi leo.

Hofu ya ugonjwa haikosi sababu, na mimi kama muuguzi siwezi kuidharau. Mwaka 2014 msafiri kutoka Liberia aligundulika kuwa na Ebola huko Dallas, Texas, akafariki, na wauguzi wawili waliomhudumia wakaambukizwa, ingawa walipona. Kati ya mwaka 2018 na 2020, Kivu Kaskazini na Ituri walikumbwa na mlipuko uliofikia wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ugonjwa ni wa kweli. Lakini wenzetu wengi walioishi maelfu ya kilomita kutoka kwenye mlipuko walijikuta wakiulizwa maswali kazini na shuleni kwa sababu ya lafudhi tu. Mtu alianza kuogopa kukohoa mbele za watu.

Hiyo ndiyo hadithi iliyokuwa mkononi mwa Battledogs: mtu ameshuka na begi lake, hajafanya kosa, na ghafla kila jicho limemgeukia. Kuisimulia hakuhitaji kompyuta yoyote. Kunahitaji kamera ikae usoni mwake kwa dakika mbili.

Mkimbizi aliyeandika mtu-mbwamwitu

Hilo si ndoto yangu. Lilishafanyika. Filamu iliyomweka mtu-mbwamwitu katika vichwa vya dunia nzima ni The Wolf Man, iliyotoka Desemba 1941, siku chache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Aliyeiandika ni Curt Siodmak, Myahudi aliyezaliwa Dresden, Ujerumani, akaondoka nchini mwake baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933, akapita Uingereza, na kuishia Marekani. Kwa lugha yetu ya leo alikuwa mkimbizi aliyepata kazi Hollywood.

Tazama alichokiandika. Kijana anaitwa Larry Talbot. Ameishi Marekani miaka 18, sasa anarudi kwao Wales kwa sababu kaka yake amefariki. Wazazi wa wasomaji wengi wa hapa wanaijua safari hiyo: kurudi kwenye msiba, baba amezeeka, wenyeji wanakutazama kama mgeni. Anajaribu kumwokoa msichana aliyeshambuliwa na mbwamwitu, na kwa wema huo anang'atwa. Kuanzia hapo kijiji kinaanza kumnong'ona. Kanisani watu wote wanageuka kumtazama, naye anashindwa kukaa. Ndani ya filamu kuna alama ya nyota ambayo mtu-mbwamwitu huiona kwenye kiganja cha atakayemshambulia. Kwa mtu aliyetoka Ujerumani ya wakati ule, nyota kama alama ya anayewindwa haikuwa mchezo.

Mwishoni baba mzazi ndiye anayemuua mnyama, kwa fimbo yenye kichwa cha fedha, kisha anaona mnyama anarudi kuwa mwanawe. Filamu nzima ni dakika 70, nyeusi na nyeupe, na manyoya ya kubandikwa. Vijana walianza kuicheka, baadaye wakanyamaza.

Umaskini wa bajeti si kisingizio

Kaka yangu alibisha. Alisema Hollywood ni Hollywood hata mwaka 1941, tusiwaonee wenye fedha kidogo. Nikamkumbusha Wakaliga, kitongoji cha Kampala, ambako Isaac Nabwana na majirani zake walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha zinazosemekana kuwa chini ya dola 200. Bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu, milipuko ni ya kompyuta iliyounganishwa kwa mkono, na sauti ya VJ Emmie inapiga kelele na kutania juu ya picha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ina kila kasoro ya Battledogs na zaidi, lakini watu wameipenda duniani kote, kwa sababu kila aliyemo anajua anamchezea nani. Nyumbani Tanzania pia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitutisha na Nsyuka na Shumileta kwa kamera za video za kawaida. Tuliomaliza shule miaka hiyo tunakumbuka tulivyoogopa kwenda chooni usiku.

Tena sisi hatuhitaji kuazima mnyama. Sehemu nyingi za kwetu husimuliwa juu ya wachawi wanaopanda fisi usiku, au wanaogeuka fisi wenyewe. Singida katika miaka ya 1940 watu wengi waliuawa kwa majeraha ya kucha, na uchunguzi wa serikali ya Waingereza ukaonyesha kwamba nyuma ya simba kulikuwa na binadamu. Mashariki ya Kongo kulikuwa na Anioto, watu-chui waliovaa ngozi na kucha za chuma. Wabelgiji waliwatengenezea sanamu mwaka 1913, kazi ya Paul Wissaert, ambayo kwa miongo mingi ilitumika katika jumba la makumbusho la Tervuren kuwaonyesha Wazungu kwamba Mwafrika ndivyo alivyo. Watu wachache waliovaa ngozi wakageuzwa sura ya nchi nzima.

Hapo ndipo hadithi hizi zinapouma. Katika simulizi zetu swali haliwi "Ni mnyama gani?" bali "Ni nani?" Swali hilo limeua. Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi vijijini anajua macho yale yanatoka wapi: miaka 40 ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Bibi amepulizia moto wajukuu wale, kisha wajukuu wanamwogopa kwa alama aliyoachiwa na moto huohuo.

Kwa hiyo nikiambiwa filamu ya mtu-mnyama ni upuuzi wa watoto, sikubali. Ni hadithi ya mtu anayeshukiwa. Ikitengenezwa vizuri inakufanya umwonee huruma aliyeng'atwa. Ikitengenezwa vibaya inakufundisha kumpiga risasi haraka.

Ohio nao wana wao

Nilipowaambia vijana wa Columbus kwamba jimbo letu liliwahi kuwa na mtu-mbwamwitu wa magazetini, walidhani natania. Ni mji wa Defiance, kaskazini-magharibi ya Ohio. Katika kiangazi cha mwaka 1972 wafanyakazi wa reli walitoa taarifa polisi kwamba wamemwona kiumbe mrefu, mwenye manyoya na kichwa cha mnyama, karibu na njia ya treni usiku. Mmoja wao alisema alipigwa begani kwa ubao. Polisi waliichukulia taarifa hiyo kwa uzito, wakiamini ni mtu aliyevaa kinyago. Baadaye matukio yakakoma.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni akili ya polisi wale. Hawakutafuta risasi za fedha. Waliwasikiliza waliotoa taarifa bila kuwacheka, na walimtafuta mtu.

Louisville: onyo kwa wazazi

Hapa naomba wazazi wasome polepole. Mashariki ya Louisville, kwenye kijito cha Pope Lick, kuna daraja la treni la chuma lenye urefu wa takriban mita 235 na kimo cha mita 27 hivi. Vijana wanasimuliana kwamba chini yake anaishi zimwi, nusu mtu nusu mbuzi, anayewavuta watu juu ya reli. Mwaka 1988 Ron Schildknecht alitengeneza filamu fupi juu yake kwa takriban dola 6,000. Kampuni ya reli ya Norfolk Southern iliilalamikia, hasa kwa sababu ndani yake kijana ananusurika treni kwa kuning'inia pembeni ya daraja. Katika maisha halisi si rahisi hivyo. Daraja lote hutikisika treni inapopita, na mikono huachia.

Daraja lile bado linatumika. Wengi hudhani limeachwa kwa sababu ya kutu, na hawaisikii treni mpaka imefika. Watu wamekufa pale kwa miaka mingi: mwaka 2016 alikufa mgeni aliyetoka Ohio kumtafuta zimwi huyo, na mwaka 2019 akafa msichana wa miaka 15. Mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha pili kwa hesabu za kwetu, alikuwa ameshaalikwa na wenzake "kwenda kuona mbuzi". Alitueleza siku ya mjadala huu wa filamu, kwa sababu tu mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye mazimwi.

Mzazi anayesema "hizo ni hadithi za kijinga, lala" amefunga mlango. Kaka yangu alimuuliza anaambiwa nini shuleni, akasikiliza zimwi lote, pembe na kwato, kisha wakafungua kompyuta wakasoma habari za daraja pamoja. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema hataenda.

Na kung'atwa kwenyewe

Wapo wanaoamini kwamba hadithi za mtu-mbwamwitu zilipata nguvu kutokana na kichaa cha mbwa: mnyama anang'ata, mtu anaonekana mzima kwa wiki au miezi, kisha anabadilika, anahangaika, anaogopa maji. Ugonjwa huu bado unaua takriban watu 59,000 kwa mwaka duniani, na hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu yanatoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa.

Kwa hiyo, mnaopeleka watoto nyumbani likizo: mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usifunge kwa majani wala kupaka mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mwenye mbwa ni jirani mnayemheshimu. Huku Marekani popo ndio wanaoongoza kwa kuua watu kwa ugonjwa huu. Ukimkuta popo chumbani alimolala mtoto, usimwachie aruke nje kimyakimya. Piga simu idara ya afya ya eneo lako kwanza, kwa maana meno ya popo ni madogo na alama yake huweza kutoonekana.

Je, mtazame?

Battledogs: kama mko Buffalo na mnataka kucheka, sawa. Kuna risasi na damu, hivyo si ya watoto wadogo. The Wolf Man: naipendekeza kwa familia yenye watoto kuanzia miaka kumi hivi. Who Killed Captain Alex?: wakubwa na vijana, na muandae bisi nyingi.

Kisha zimeni televisheni mkampigie bibi au babu simu. Waulizeni kwao walisimuliwa mnyama gani, na alishukiwa nani. Shangazi yangu alipoulizwa na wanawe alisimulia kisa cha fisi wa Kasulu ambacho hata mimi sikuwahi kukisikia, na kilikwisha saa saba usiku.